Pesa ya simu haimgeuzi mama kitandani

KWA miaka mitatu nilijihesabu kuwa mtoto mwema. Mama yangu alipopatwa na kiharusi hapa Gungu, upande wa kulia ukapooza, mimi nilikuwa Dar es Salaam katika biashara zangu. Kila mwisho wa mwezi nilituma pesa kwa simu. Wazee wa msikitini waliniombea dua, nami nikaitikia "amin" kifua mbele.

Siku moja nilishuka stesheni ya Kigoma bila kutoa taarifa. Dada yangu alikuwa Kibirizi kwenye biashara yake ya dagaa. Nyumbani nikamkuta binti yake wa miaka 15 amemwegemeza bibi yake kwenye mito, anamtolea miba ya mgebuka na kumlisha tonge moja moja. Nikafurahi. Kisha nikamuuliza mbona hakwenda shule. Akainamisha kichwa: "Mjomba, niliacha tangu mwaka jana. Nani atamgeuza bibi?"

Ndugu msomaji, mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi huchubuka na kuwa vidonda. Alishwe akiwa amekaa, asije akapaliwa. Asafishwe, asaidiwe kutayamamu, aelekezwe kibla. Pesa yangu haikufanya hata moja katika hayo. Aliyafanya mtoto, na gharama ilikuwa masomo yake.

Je, wema ule ulikuwa wa nani? Katika Surat Al-Israa, aya ya 23, Allah (SW) anaamrisha wazazi watendewe wema, na anaitaja hali ya kuzeeka kwao wakiwa nasi, akikataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Anayeamrishwa pale ni mtoto. Lakini majumbani mwetu amri hii tumemtwisha mjukuu wa kike au mke wa kijana. Wapo wanaooa ili mama apate wa kumsaidia! Wanazuoni wengi wamebainisha kuwa mke hawajibiki kisheria kuwahudumia wakwe zake. Akifanya ni ihsani, naye anastahili shukrani. Ihsani ikilazimishwa inageuka dhulma.

Serikali nayo, katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Ni sawa. Lakini "familia" haina mikono. Mwenye mikono ni mtu mmoja ndani yake, na mara nyingi ni yule asiyeulizwa. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi Aprili 2016. Hilo ni jambo la heri, lakini pensheni nayo haimgeuzi mgonjwa.

Wapo watakaosema kuwa kumwajiri mtu amtazame mzazi ni uzungu, ni kumtupa. Wasome fiqhi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mzazi fukara akiwa mgonjwa na akahitaji mtumishi, gharama ya mtumishi huyo inaingia katika nafaka iliyo juu ya mtoto. Aibu iko kwa anayeikwepa gharama hiyo kwa kutumia jasho la bure la binti wa mwenzake. Wala kuajiri si ruhusa ya kutoweka, kwani mtumishi analipwa kwa kazi, lakini hawezi kuwa mtoto kwa niaba yetu.

Tulikaa kikao cha ndugu. Tumemwajiri mama mmoja wa jirani kwa kazi za mchana, ujira umekubaliwa mbele ya mashahidi na siku ya mapumziko inajulikana. Kumwogesha mama kumebaki kwa wanawake, kwa ajili ya stara yake. Mimi nimerudi Gungu, kipato kimepungua, na zamu ya usiku ni yangu. Sasa najua saa nane ya usiku ina urefu gani.

Mpwa wangu amerudi darasani, nyuma ya wenzake. Mwaka ule sina namna ya kumlipa. Nimemwomba radhi, na namwomba Allah asiniandikie thawabu iliyokuwa yake.

Wewe unayetuma pesa, leo piga simu uulize: nani anamgeuza mama?