Abiria Asiyeulizwa

Farasi wawili na trela lao wanaweza kupita kilo 2,000. Pikapu kuukuu huenda ikauvuta mzigo huo vizuri kutoka Nairobi. Swali ni kama itauzuia kwenye mteremko wa Mai Mahiu, breki zikishapata moto. Rafiki yangu, mwenye pikapu, hujibu, “Haijawahi kuniangusha.” Namwamini, ila hiyo ni habari ya bahati yake, si ya breki. Yeye anajua anachokihatarisha. Farasi haoni barabara, husimama akijisawazisha kwa miguu minne, na hawezi kusema “nishukishe hapa.” Kwangu, ujasiri ni halali kwa shingo yako mwenyewe. Ukibeba ya mwingine, kagua breki kwanza. Ukizitilia shaka, farasi walale zizini.