Gugu Lenye Ua Zuri

Mtu wa Gongoni, hapa Tabora, aweza kuuliza: gugu-maji lanihusu nini, nami nakaa mbali na ziwa? Lakini tangu mradi uliozinduliwa mwaka 2021, maji ya Ziwa Viktoria yanavutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hata mabombani mwetu. Ziwa limekuwa kisima chetu.

Gugu hilo asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua kwa ajili ya ua lake la zambarau, wakapamba nalo madimbwi ya bustani. Likatoroka, likashuka na mto Kagera, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limekwisha kuingia ziwani. Haikupita miaka kumi, likafunika ghuba na bandari. Mitumbwi ilikwama, samaki wakakosa hewa, konokono wa kichocho wakapata makao. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta fukusi wadogo wanaolitafuna, nalo likapungua sana. Walakini hurudi.

Mbona hurudi? Kwa kuwa sisi twalilisha. Maji machafu ya miji yetu, mbolea, na udongo wa mashamba yasiyo na miti, hivyo vyote ni chakula chake. Mgeni huyu angalikonda, kama wenyeji wasingalimwandalia karamu.

Wala tusichukie kila kitokacho mbali. Miembe ya Tabora ilikuja kwa njia ya misafara, nasi twafurahia kivuli chake. Kwa njia hiyo hiyo Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1878 na Habari Njema. Mgeni na apimwe kwa tunda alizaalo.

Ndivyo ilivyo dhambi nayo. Huingia na ua zuri: kikombe kimoja, deni dogo, uongo wa kuficha aibu. Bwana wetu Yezu Kristu alisimulia habari za adui aliyepanda magugu watu wakiwa wamelala. Adui ndiye apandaye, lakini usingizi ni wetu. Na mwenye kuungama kila mwezi bila kuacha kinacholisha dhambi yake, ang'oa majani tu.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wasitupe taka mtaroni. Wakulima, pandeni miti kandokando ya mito. Ninyi mkaao ufukoni, ling'oeni gugu lingali changa. Na kila mmoja wetu ajiulize usiku huu: nalisha nini moyoni mwangu?