Kijana, Unapeleka Nini?



Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, mpaka mmoja wenu akanitumia ujumbe kuuliza kama nimerudishwa nyumbani. Hapana jamani, bado nipo. Nimekuwa barabarani, tena juu ya baiskeli.

Kwa wasiojua: nimemaliza falsafa, na kabla ya kuanza teolojia nipo mwaka wa uchungaji huku Same, chini ya milima ya Upare. Mimi na vijana wawili wa VIWAWA wa parokia tunajiandaa kwa msafara wa Twende Butiama. Huu ni msafara wa waendesha baiskeli wa kawaida, watu wenye kazi zao, ulioanza mwaka 2019. Wanatoka Dar es Salaam mpaka Butiama, mkoani Mara, zaidi ya kilomita 1,000, wafike kwa ajili ya tarehe 14 Oktoba, siku tunayomkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki 1999. Paroko alinipa ruhusa kwa masharti mawili: Misa ya asubuhi isikose, na nisimletee mguu uliovunjika.

Basi siku za kawaida tunaendesha saa moja tu, jioni jua likishapoa. Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Baada ya Misa tunashika barabara kuu ya kwenda Korogwe, kama kilomita 30 hivi mpaka Makanya, halafu siku tukijisikia wazima tunaiacha lami na kuanza kupanda kuelekea Suji. Aliyewahi kupanda milima ya Upare Kusini hata kwa gari anajua ninachosema. Kona inafuatwa na kona, vumbi, mawe, na kila ukidhani umefika juu unaona njia nyingine imening'inia juu ya kichwa chako. Pale chini nako kuna upepo wa Same. Huu upepo mimi nimeusamehe mara nyingi, lakini haujawahi kutubu.

Siku ya kwanza kufika Makanya nilikaa chini ya mwarobaini kunywa maji. Mzee mmoja alikuwa ameketi hapo. Nikamwamkia. Akaitazama baiskeli yangu, ya mtumba lakini ya gia, nyembamba, haina hata keria. Akauliza, "Kijana, unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu, baba. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kwenda Butiama."

Akafikiri kidogo. "Butiama si kuna basi?"

Nilicheka, lakini swali lake nilirudi nalo mpaka nyumbani. Huku baiskeli ni mnyama wa mzigo. Inabeba madumu ya maji, mkaa, ndizi, gunia la mahindi, mgonjwa. Tambarare ya Same ni kame, na hata sasa kwenye mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota bwawa la Nyumba ya Mungu, bado utamkuta mtoto anasukuma madumu barabarani. Baiskeli isiyo na mzigo kwa macho ya mzee yule ni kama jembe lililotoka matembezi. Na juu yake ameketi kijana mzima, mwenye nguvu, anatoa jasho lisilomwagilia hata mche mmoja. Je, hii ni haki? Kuna watu wanachoka kwa sababu hawana njia nyingine, na mimi nachoka kwa kupenda. Kisha eti naita "sadaka".

Nilikwenda kwa Mt. Tomaso wa Akwino, maana ndiye niliyefundishwa kumkimbilia. Yeye, kwenye Summa, anauliza kabisa kama katika michezo inaweza kuwapo fadhila, na jibu lake ni ndiyo. Anasimulia kisa cha zamani cha Mt. Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumkuta anacheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mmoja mwenye upinde apige mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kuacha. Yule akasema upinde utavunjika. Basi na roho ya mtu hivyo hivyo, ikikazwa siku zote itakatika. Kwa hiyo mchezo hauhitaji kubeba gunia ili uwe halali. Nilifurahi sana. Nikajiona nimemjibu mzee wa Makanya, na wiki iliyofuata nikaendesha kwa amani.

Halafu ikaja Jumamosi ile.

Wenzangu walikuwa na msiba, nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimejiwekea lengo la kuvunja muda wangu wa kurudi, Makanya mpaka Same, na simu ilikuwa inahesabu kwenye programu. Upepo usoni, miguu inawaka, lakini siku hiyo mwili ulikuwa umekubali. Mahali fulani katikati nikamwona dogo mmoja, miaka kumi na minne hivi, kando ya lami. Ameipindua Phoenix yake magurudumu juu, madumu mawili chini, tyubu mkononi. Pancha. Akainua mkono.

Na mimi nikainua wangu. Nikampungia, kama vile tunasalimiana.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na pampu, vibandiko, na solusheni mpya ambayo sijaifungua. Dakika kumi zingetosha. Nilijiambia maneno ambayo mtu hujiambia: gari litapita, huyu ni mwenyeji, atakuwa amezoea. Nikafika Same nimevunja muda wangu kwa dakika nne, nikapiga picha ya namba zile, nikawatumia wenzangu. Msibani.

Usiku, kwenye Sala ya kabla ya kulala, tunapofika pale pa kuchunguza dhamiri, mkono wa yule dogo ukainuka tena. Nikakumbuka mfano wa Msamaria Mwema, nikagundua jambo ambalo sikuwahi kuliona pamoja na mahubiri yote niliyosikia: kuhani na Mlawi nao walikuwa safarini. Huenda walikuwa na ratiba nzuri kabisa. Na huyo Mlawi, tuseme ukweli, ndiye frateri wa siku zile.

Sasa hapa ndipo falsafa ilipoacha kuwa mtihani. Aristotle anasema fadhila tunazipata kwa kutenda, kama mtu anavyojifunza kinubi kwa kupiga kinubi. Hiyo mstari tunaupenda, tunauandika kwenye madaftari. Lakini anaongeza neno ambalo darasani tunalipita haraka: kwa kupiga kinubi hicho hicho, wengine wanakuwa wapigaji wazuri na wengine wanakuwa wapigaji wabaya. Yaani mazoezi yenyewe hayana dhamana. Miezi mitatu nilikuwa najifundisha kutosimama. Paja linauma, usisimame. Kiu, usisimame. Roho inasema pumzika kidogo, usisimame. Nilidhani naufundisha mwili tu. Kumbe moyo nao ulikuwa darasani, umekaa kiti cha nyuma, unaandika kila kitu. Ilipofika siku ya mtu kuinua mkono, ukajibu kama ulivyofundishwa.

Mt. Tomaso analiona hilo. Kwake tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kuvumilia, kushikilia pale palipo pagumu, zaidi hata ya kushambulia, na mimi kama mwendesha baiskeli nasema Amina kwa mikono miwili. Ila nguvu kwake haijitawali. Inaongozwa na busara, inatumikia haki. Ikiachwa peke yake ni ukaidi tu wenye mapafu mazuri.

Nilipowasimulia wenzangu, mmoja wao, ambaye ni fundi pikipiki na hana huruma na mafrateri, alinipinga. "Ukisimama kwa kila mwenye pancha kati ya Dar na Butiama, utafika Krismasi." Nisimdharau, maana ana hoja. Msafara una ratiba, una watu wanaokusubiri mbele, na anayesimama ovyo katikati ya kundi anaweza kuwaangusha wenzake. Hakuna kanuni itakayokuambia simama hapa, pita pale. Ndiyo maana tunahitaji busara, wala si orodha. Lakini mimi siku ile sikuwa na msafara. Hakuna aliyenisubiri isipokuwa namba kwenye simu. Sikupima kwa busara nikaona nipite. Sikupima kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko hata kupita kwenyewe.

Tangu hapo namfikiria sana Gino Bartali. Huyu alikuwa Mwitalia, Mkatoliki wa kusali kweli, aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Katikati hapo ilikuwa vita. Wajerumani walipoikalia Italia, Bartali alikuwa akitoka Florence kwenda Assisi, zaidi ya kilomita 150, na askari wakimsimamisha anasema anafanya mazoezi. Ndani ya mabomba ya baiskeli kulikuwa na karatasi za vitambulisho vya bandia za kuwaokoa Wayahudi. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa, miaka 13 baada ya kufa kwake. Mzee wa Makanya angemuuliza, "Unapeleka nini?", na yeye angejibu kama mimi, "Sipeleki kitu, nafanya mazoezi." Tofauti iko ndani ya bomba.

Sisemi kila baiskeli lazima ibebe siri ya kuokoa watu. Lile jibu la upinde bado nalishika: mtu anaruhusiwa kuendesha kwa sababu asubuhi ni nzuri na Shengena imevaa wingu. Ila miguu ya Bartali ilitengenezwa na mchezo, miaka mingi kabla hajajua itatumika kwa nini. Alipoitwa ilikuwa tayari, na masikio yalikuwa bado yanasikia.

Tena Wapare hawakuhitaji Mwitalia kuwafundisha hili. Milimani kuna ndiva, mabwawa ya jadi ya kukusanya maji, yanajaa usiku na asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Ndiva zinachimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba inaitika. Jasho la msaragambo ni jasho la kuchagua na la lazima kwa wakati mmoja, hata sijui Aristotle angeliweka fungu gani. Na Mwalimu mwenyewe, Mtumishi wa Mungu, ambaye mchakato wake Jimbo la Musoma liliufungua 2005, Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Gari alikuwa nalo. Hata wanaokwenda Butiama leo njiani hupanda miti na kupeleka madawati shuleni. Kumbe kuna mzigo, ila mimi nilikuwa nimekazia kilomita tu.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nipo nje nakunja majoho ya watumishi wa altare, akaja dogo. Yeye. Nilitamani ardhi ifunguke.

"Shikamoo frateri. Jumamosi ile nilikuona barabarani. Unakimbiza wewe!"

Alikuwa ananisifu. Nikamuuliza alifikaje nyumbani.

"Nilisukuma."

"Na maji?"

"Dumu moja niliacha kwa watu, nikalifuata kesho yake."

Nikamwomba msamaha. Akacheka, hakuelewa naomba msamaha wa nini, akaniuliza kama anaweza kujaribu ile baiskeli ya gia. Tukaenda nyuma ya kanisa. Kiti kilikuwa juu mno kwake, nikatafuta spana nikakishusha, akazunguka uwanja mara tatu anabadilisha gia hovyo, mnyororo unalia. Yake alikuwa ameiegemeza ukutani. Nikaigeuza magurudumu juu, nikaitoa tyubu. Pale penye pancha alikuwa amefunga kipande cha ndala kwa uzi. Solusheni ilikuwa bado mkobani, haijafunguliwa.