Gari Inazunguka, Haiwaki: Je, Kukisia kwa Pesa ya Mwenzako ni Dhambi?



Leo nina swali la gereji. Mjomba wangu ana Noah, anapakia abiria kati ya Wete na Chake Chake, hapa Pemba. Msimu wa karafuu, watu wanasubiri barabarani na magunia yao, gari ikagoma. Ukipiga stata injini inazunguka vizuri, kwa nguvu, ila haiwaki. Fundi akaniambia nipige stata tena, akainama karibu na tenki, akasikiliza.

"Pampu ya mafuta hailii. Imekufa."

Nami nikadakia: "Si ubadilishe tu, fundi, mjomba anapoteza pesa." Pampu ikaagizwa Unguja, shilingi 180,000 pamoja na usafiri, ikaja na meli mpaka Mkoani. Siku tatu zimepita. Ikafungwa. Gari ikazunguka. Haikuwaka.

Tukamwita fundi mwingine, mzee.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Haya nieleze, kabla ya kugoma ilikuwaje?"

Swali hilo hakuna aliyeniuliza kabla. Nikakumbuka kwamba siku mbili nyuma, kwenye mvua ya vuli, ilizima njiani, ikakaa kidogo, ikawaka yenyewe. Mzee akatikisa kichwa. Akatoa testa, akaigusisha kwenye soketi ya pampu huku napiga stata: umeme haufiki. Fyuzi nzima. Akafuata waya mpaka kwenye rilei, akaichomoa, miguu yake ya kijani kwa kutu. Chumvi ya bahari hiyo. Akaweka rilei nyingine ya shilingi 10,000, gari ikawaka. Kisha akachukua ile pampu ya zamani, akaipeleka mbali na mafuta, akaigusisha betri sekunde moja. Ikalia mkononi mwake. Nzima kabisa!

Kwa wasiojua magari: injini ikizunguka kwa nguvu, betri na stata kwa kawaida ziko sawa. Kinachokosekana ni mafuta, cheche, hewa au mbano wa silinda, au kimojawapo hakiji kwa wakati wake. Plagi ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta cheche. Ikitoka kavu, anza upande wa mafuta. Injini ikizunguka nyepesi kuliko kawaida, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Na pampu kutolia kuna maana mbili: pampu mbovu, au umeme haujafika. Kuzitenganisha ni kazi ya dakika tano.

Sasa swali langu. Yule fundi wa kwanza aliiba? Amri ya saba inakataza kuchukua mali ya mwenzako bila haki, na mjomba pesa imemtoka bure. Lakini fundi hakudanganya, aliamini anachosema. Wenzangu wawili niliowauliza baada ya Misa walisema basi hana kosa, alikosea tu kama binadamu.

Mimi sikubali haraka hivyo. "Pampu hailii" alikisikia kwa masikio yake. "Imekufa" alikikisia. Akayatamka yote mawili kwa sauti ileile, na mjomba hakuwa na namna ya kujua kwamba la pili ni bahati nasibu. Kukisia si dhambi, hata daktari hukisia. Ila angesema, "Nadhani ni pampu, sijapima umeme," mjomba angechagua mwenyewe kama aweke 180,000 yake juu ya neno "nadhani". Uchaguzi huo ndio alionyimwa. Na kisiwani ni tofauti na Dar. Kule spea ukikosea unavuka barabara kuirudisha, hapa kila kisio linavuka bahari.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, aliliweka hili mahali pake katika Summa. Papara kwake ni dhambi dhidi ya busara. Anaifananisha na kushuka kwa kishindo bila kukanyaga ngazi. Na ngazi anazitaja: kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, kutazama mbele, kulinganisha jambo na jambo, kusikiliza waliotutangulia. Ona, yule mzee alianzia ngazi ya kwanza kabisa, kumbukumbu, na hakutumia hata spana.

Kwa hiyo nasema ana kosa, si la wizi, ni la papara, na pesa ya ufundi wake angeirudisha. Ya pampu yenyewe ni ngumu zaidi, maana papara ile haikuwa yake peke yake. Nani alisema "badilisha tu"? Mteja anayemsukuma fundi ndiye anayemfundisha kwamba "sijui bado" ni aibu. Nimekiri hilo kwa padre, lakini kitubio hakikurudisha pesa ya mjomba.

Nikamwendea. Alicheka, kisha akaacha kucheka akaniambia nusu ni yangu. Nalipa 15,000 kila mwezi, nimebakisha minne. Kwa fundi wa kwanza bado sijaenda. Pampu ya zamani iko nyuma ya Noah, nimeifunga kwa gazeti, na Jumamosi nimepanga kumpelekea aisikie ikilia.