Sifuri ya Mashine

Kipimo cha urani kifuani kikitoa sifuri, mfanyakazi ameambiwa nini hasa? Hulazwa katika chumba cha chuma kizito, vigunduzi vya gerimaniamu vilivyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika vikasogezwa kifuani pake. Chembe za alfa, zenye kudhuru zaidi, haziwezi kupenya hata karatasi. Huishia humo humo mapafuni, na kigunduzi hakizioni. Kinachonaswa ni miale hafifu ya gama, hasa ile ya kiloelektrovolti 186 kutoka urani-235, nayo hupungua ikipita katika nyama na mbavu. Mwenye kifua kinene ataonekana ana urani kidogo kuliko aliyonayo, unene huo usipohesabiwa. Hivyo sifuri hutueleza kwanza uwezo wa mashine, kisha ndipo hali ya mapafu. Tena baadhi ya vyumba hivyo vilijengwa kwa chuma cha kabla ya 1945, kwa kuwa majaribio ya mabomu ya nyuklia yalichafua hewa inayotumiwa kufulia chuma. Na urani ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako wachimbaji hawakupata hata hiyo sifuri: vipimo vya namna hii vilikuja baada yao.

Sifuri hiyo basi haitoshi kuwa utetezi. Waislamu na Wakristo wa wilaya ya Kasese, Uganda, hufundishwa kwamba mwili ni amana. Aliyekabidhiwa amana hajitetei kwa kusema hakuona kasoro, huulizwa aliitunzaje. Kazini mwili huo huwa mikononi mwa mwajiri, kwa hiyo naona mzigo wa kuthibitisha usalama ni wa anayefaidika na kazi, si wa anayekohoa. Mtu atasema wilayani humo, Hima hakuna mgodi wa urani, kuna saruji, na kule Kilembe ilichimbwa shaba. Ni kweli, wala sidai mashine hizo ziletwe huko. Lakini vumbi la silika, linalotoka kwenye mwamba unaopasuliwa, halitoi mwale wowote wa kunaswa. Eksirei huliumbua makovu yakishajengeka, mara nyingi baada ya miaka mingi. Palipo na kipimo dhaifu zaidi, aliyeajiri anawiwa uangalifu zaidi: kupima hewa ya kazini, kuandika nani alifanya kazi wapi na kwa muda gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo, haina dawa, basi kumjulisha mtu ni kumtesa bure. Hapana. Aliyejua mapema huondolewa penye vumbi, huchunguzwa kifua kikuu, ambacho silika hukifungulia mlango, na hudai fidia akiwa bado na pumzi ya kuidai.