Damu Moja, Watoto Wawili

Katika masomo yangu ya uzamili ya maadili ya tiba kuna kanuni ambayo karibu kila mtu huikubali: mpe mjamzito taarifa zote, kisha mwache aamue. Mimba ya mapacha ndiyo inayonifanya niitazame kanuni hii mara mbili.

Chukua mfano wa England. Tangu 2021, mjamzito ambaye vipimo vya awali vimeonyesha uwezekano wa 1 kati ya 150 au zaidi wa mtoto kuwa na sindromu ya Down anaweza kupata kipimo cha damu katika huduma ya afya ya umma, hata akiwa na mapacha. Ndani ya damu ya mama huelea vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Kwa mapacha, vipande vya wote wawili vimechanganyika. Jibu likionyesha uwezekano mkubwa, halisemi ni pacha yupi. Wakiwa wa kufanana, kwa kawaida ni wote. Wasipofanana, mara nyingi ni mmoja.

Kumtambua huyo mmoja kunahitaji sindano tumboni. Sindano hiyo ina hatari ya kuharibu mimba, ndogo lakini ipo, na mimba ikiharibika hata pacha asiye na tatizo anaweza kupotea. Kwa hiyo gharama ya kumjua mmoja inaweza kulipwa na mwenzake.

Sheria imewatenganisha: marekebisho ya 1990 ya sheria ya utoaji mimba ya 1967 yanagusa waziwazi kuondoa kijusi kimoja na kubakiza kingine. Tumbo haliwatenganishi.

Utasema, basi bora kutopima. Sikubaliani. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro za moyo. Mama asiye na nia yoyote ya kutoa mimba bado anaweza kujiandaa kujifungulia penye wataalamu.

Ninachokipinga ni kipimo hiki kuchukuliwa kama utaratibu tu wa kliniki, sawa na kupima shinikizo la damu. Swali la “ukijua, utafanya nini?” liulizwe kabla damu haijatolewa, na mama anayejibu “sitaki kujua” asikilizwe kwa heshima ileile. Akishajua, hata kusubiri tu kunakuwa uamuzi, na uamuzi huo unawahusu wawili.