Huzuni Isiyo na Msimbo

Kazi yangu ni kugeuza maneno ya daktari kuwa misimbo ambayo bima itaielewa. Naishi Minnesota, nasoma mafaili ya watu nisiowahi kuwaona.

Juzi nilipata la mzee mwenye dimenshia ya wastani. Muuguzi wa usiku aliandika: hataki chakula, analia alfajiri, anamwita mkewe. Wa mchana: amegeukia ukutani, amekataa kunyolewa. Mkewe, faili linasema, alifariki mwaka jana. Daktari aliandika neno moja tu: dimenshia.

Kanuni yetu iko wazi: anayetaja ugonjwa ni daktari. Machozi yaliyoandikwa na muuguzi hayana msimbo. Zamani niliiona kanuni hii ni ya kikatili, maana sonona ilikuwa pale, imejaa ukurasa! Lakini mimi sijawahi kumshika mkono yule mzee. Kutojali kunakoletwa na dimenshia hufanana mno na sonona, na nitakachoandika kitamfuata kila aendako. Tena misimbo mingine huongeza malipo; nani ataamini kwamba nilisukumwa na huruma?

Tangu Oktoba 2022 Marekani ina msimbo F03.B3, dimenshia ya wastani yenye mvurugiko wa hisia. Humo sonona na kutojali vimewekwa pamoja. Unanifaa kazini, ila unanisumbua. Huzuni inakuwa chumba ndani ya nyumba ya dimenshia, wakati ikiandikwa kwenye F32 inasimama kama ugonjwa wenyewe, wa kutibiwa. Sasa, mtu aliyesahau huu ni mwaka gani anapomlilia mkewe, ni ubongo ulioharibika unaolia, au ni mjane?

Kipimo cha Cornell, cha mwaka 1988, kina vipengele 19, na humhoji mgonjwa pamoja na anayemtunza. Kwa hiyo ushahidi wa anayekesha naye una thamani kitabibu. Kwenye msimbo ndipo unapokosa mlango, mpaka daktari aufungue.

Nikamwandikia. Hairuhusiwi kumtilia jibu mdomoni, kwa hiyo sikulitaja neno sonona kama ndilo jibu pekee. Nilinakili maneno ya wauguzi, tarehe na saa zake, nikauliza kwa maoni yake yanaashiria nini.

Alijibu baada ya siku mbili: "Nitakwenda kukaa naye kwanza."

Faili bado liko wazi kwenye kompyuta yangu. Msimamizi ameshaniuliza mara mbili kwa nini silifungi.